Mtambo wa Kuchonga na Riziki ya Fundi

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu la shule nipate kuyasema yale niliyoshindwa kuyamaliza katika mdahalo wa muhula huu, kengele iliponikatiza. Wasomaji watakumbuka kwamba hoja iliyowekwa mbele yetu ilikuwa hii: kwamba mitambo iongozwayo na kompyuta itamnyima fundi wetu riziki yake. Walioiunga mkono walishinda kwa kura nyingi, wakashangiliwa hata madawati yakalia. Msemaji wao wa kwanza, ambaye ni rafiki yangu na kitanda chake kinapakana na changu bwenini, alisema kwamba mtambo wa namna hiyo ukiingia katika nyumba moja ya mtaa, mafundi kumi wa mtaa huo watalala na njaa. Nilimwuliza kama amewahi kuuona. Akajibu kwamba mtu hana haja ya kuumwa na simba ndipo ajue kuwa simba ana meno. Ukumbi wote ukacheka, nami nikaketi.

Basi mimi nimeuona. Nimekaa nao nyumba moja kwa likizo tatu, nao umenitia hasara na aibu, na umenifundisha mambo ambayo sikuyapata penginepo. Kwa hiyo nasema kama mtu aliyeshika kazi kwa mkono wake, ijapokuwa umri wangu ni miaka 17 tu na wako wakubwa wengi watakaosoma maneno haya.

Mjomba wangu anakaa Nyasaka, hapa hapa Ilemela. Kwa miaka mingi alikuwa mkerezaji katika kiwanda kimoja upande wa Nyakato, akikereza vyuma kwa mashine kubwa za zamani. Kazi ilipokwisha alirudi nyumbani na tupa zake, jiliwa moja, keekee ya umeme, na vernia ambayo huitunza ndani ya soksi ili isipate vumbi. Nyuma ya nyumba palikuwa na banda la kuku la bibi. Kuku walipokufa kwa mdondo, mjomba akaliziba banda kwa matofali, akatia mlango na kufuli, likawa karakana. Ndipo mwaka juzi akaagiza mtambo ule. Bei yake haikufika bei ya pikipiki mpya, lakini zilikuwa fedha zilizowekwa kwa ajili ya kupaulia vyumba viwili vya kupangisha, na mke wa mjomba hakusema naye kwa siku nyingi.

Msomaji asidhani kuwa ni mtambo mkubwa. Unaenea juu ya meza ya kusomea na nafasi ya daftari ikabaki. Watu huuita 3018, maana uwanja wake wa kuchongea ni sentimita 30 kwa 18. Kisu chake, ambacho ni chembamba kama penseli na kina makali ubavuni na nchani, hupanda na kushuka kwa sentimita 4 na nusu hivi, basi. Una mota tatu ndogo. Ya kwanza hupeleka meza mbele na nyuma, ya pili hupeleka kichwa kushoto na kulia, ya tatu hukipandisha na kukishusha kichwa hicho. Mota ya nne kazi yake ni kuzungusha kisu. Ndugu zangu wa kidato cha pili wataona mara moja kwamba hii ni mihimili ya x na y tuliyochora katika karatasi ya miraba, na wa tatu umeongezwa, uitwao z. Mimi niliyachora yale kwa kulazimishwa. Nilidhani ni adhabu iliyobuniwa na walimu wa hesabu.

Mtambo huagizwa kwa maandishi. Fundi huchora kitu katika kompyuta, na programu hugeuza mchoro ule kuwa mistari ya amri, pengine maelfu. Mstari mmoja huandikwa hivi: G1 X20 F200. Maana yake ni kwamba, nenda moja kwa moja mpaka penye 20 katika mhimili wa x, kwa mwendo wa milimita 200 kwa dakika. G2 ni kwenda kwa mviringo kama mshale wa saa uendavyo, G3 ni kinyume chake, na M5 ni kusimamisha kisu. Mtu akizizoea amri hizi huweza kuzisoma kama asomavyo barua, na mara nyingine hugundua kosa kabla halijafika kwenye ubao.

Tena jambo lenyewe si la jana. Marekani alikuwako mtu aitwaye John Parsons, aliyekuwa akitengeneza mapanga ya helikopta, naye akapata wazo la kuongoza mashine ya kuchonga kwa tarakimu badala ya mikono. Jeshi la Anga la huko lilitoa fedha mwaka 1949, na mwaka 1952 chuo cha MIT kikaonyesha mtambo wa kwanza uliofanya kazi hiyo kwa kufuata utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Makabati ya umeme yaliyouongoza yalikuwa makubwa kuliko mtambo wenyewe. Leo kazi ya makabati yale hufanywa na kipande cha bodi kiwezacho kuingia mfukoni mwa shati, kwa programu iitwayo Grbl, ambayo Simen Svale Skogsrud wa Norway aliianza mwaka 2009 na kuigawa bure. Ndiyo maana mkerezaji asiye na kazi wa Nyasaka ameweza kuwa na kitu ambacho zamani kilikuwa cha kutengenezea ndege za vita.

Lakini sasa nije kwenye ukweli ambao wanaoupenda mtambo huu hawausemi. Chuma hauwezi. Aluminiamu huikwaruza kidogo kidogo kama panya, na ukiuharakisha kisu huvunjika, na kisu kipya hutoka Dar es Salaam. Miezi ya kwanza mjomba alichonga majina ya watu katika vibao na picha za twiga, akauza vichache, vingine vimo sebuleni hata leo. Mke wa mjomba alikuwa akivihesabu wageni wakiwapo. Mtu yeyote angaliona mtambo ule wakati huo angalisema kwamba fedha za mabati zimetupwa, na mimi mwenyewe nilisema hivyo moyoni.

Kilichoubadilisha ni pampu ya mama mmoja wa Kayenze.

Mama huyu hulima nyanya na kabichi karibu na ziwa, na kiangazi huvuta maji kwa pampu ya petroli. Maji ya ufukweni huja na mchanga, na mchanga hula impela, yaani lile gurudumu lenye mapanga lisukumalo maji ndani ya pampu. Likizo ya Juni mwaka jana impela yake ilikuwa imeliwa hata mapanga yamekuwa kama meno ya mzee. Maduka ya mjini walimwambia anunue pampu nzima. Mtu mmoja akamwelekeza kwa mjomba, akaja na impela ndani ya kanga, akaiweka mezani, akasema, "Baba, nyanya zangu zimeanza kutoa maua."

Mjomba alimwambia ukweli, kwamba mtambo wake hauwezi kuchonga impela ya aluminiamu ya namna ile ikadumu. Walakini unaweza kuchonga kiolezo cha mti. Kiolezo kikizikwa katika mchanga wa kusubia kisha kikatolewa, huacha shimo la umbo lake, na katika shimo hilo humiminwa aluminiamu iliyoyeyushwa. Kazi ya kusubu ilimhusu mzee mmoja jirani, ambaye tangu ujana wake husubu sufuria na vikaango. Mjomba alipima impela ile kwa vernia, akanipa daftari na kompyuta, akasema, "Mpwa wangu, wewe ndiwe msomi. Chora."

Nilichora kwa siku mbili, katika programu iitwayo FreeCAD, isiyolipiwa. Kipenyo sentimita 12, mapanga sita ya kupinda, yote upande mmoja. Nilifunga kipande cha mninga juu ya meza ya mtambo, nikaweka sifuri pembeni, nikaanza. Saa tano kisu kililia kama nyigu aliyefungiwa chupani, na jioni kiolezo kilikuwa tayari. Nilikipima. Kila panga lilikuwa sawa na mwenzake, hakuna lililozidi hata kwa unene wa karatasi. Nilikipeleka kwa mzee nikiwa nimevimba kichwa.

Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akakitwaa. Hakukitazama. Alipitisha kidole ubavuni mwa panga moja, juu mpaka chini, kisha akauliza, "Mjukuu wangu, hiki kitatokaje mchangani?"

Sikuelewa. Akanionyesha. Alishindilia mchanga juu ya kiolezo, akageuza sanduku, akakivuta. Kuta za mapanga yangu zilikuwa zimesimama wima kabisa, kwa hiyo kilipotoka kilitoka na mchanga, na kingo zikabomoka. Akarudia kwa kukipaka majivu, akakitikisa taratibu kwa dakika nyingi, safari hii kikatoka vizuri zaidi, akasubu. Kilipopoa tulikipima. Kilikuwa kimepungua milimita 1 na nusu, maana aluminiamu ikipoa husinyaa kwa kadiri ya milimita 13 katika kila mita. Mashina ya mapanga mawili yalikuwa na mapengo. Kitu chote kikacheza ndani ya pampu kama mguu wa mtoto katika kiatu cha baba yake.

Mzee hakunicheka. Alinitolea kijiti cha mwanzi kilichochorwa alama kwa kisu. Alisema ni rula yake. Niliilaza kando ya rula yangu ya shule ya sentimita 30, nikaona kwamba ya kwake imeizidi yangu kwa karibu milimita 4. Nilifikiri kwamba mzee amekosea. Kumbe kila sentimita ya mwanzi ule imerefushwa makusudi, ili apimaye kwayo asiwe na haja ya kufanya hesabu ya kusinyaa. Hesabu imo ndani ya mwanzi. Fanyeni wenyewe, milimita 300 mara 13 gawa kwa 1,000. Mzee hakupita darasa la nne.

Ndipo nilipofahamu kosa langu. Mtambo ulikuwa umenitii kabisa. Niliuagiza ujinga, ukachonga ujinga kwa usahihi wa ajabu, wala haukuniuliza neno. Mwenye tupa angaliuona ubavu wima kabla hajafika nusu, kwa kuwa mkono huenda polepole na fikira hupata nafasi ya kuuliza.

Nilichora upya. Nilikuza vipimo vyote kwa kusinyaa, nikaongeza milimita mbili pembeni za kukereza, nikatia mteremko wa nyuzi mbili katika kila ubavu wa panga. Saa ya tatu ya kuchonga umeme ulikatika. Mtambo huu ukikatiwa umeme husahau mahali ulipo, kama mtu aliyeamshwa usiku katika nyumba ya ugeni. Bahati nzuri mjomba alikuwa amenifundisha kutoboa matundu mawili membamba ya alama katika pembe za ubao kabla ya kuanza; umeme uliporudi usiku tulikilenga kisu katika matundu yale, tukaipata sifuri yetu, tukaendelea. Bibi alikuja mlangoni mara mbili kuuliza kama sisi ni watu au wachawi.

Mzee alisubu tena, safari hii kwa pistoni chakavu alizonunua kwa mafundi magari. Sufuria zilizotoboka alizikataa, akasema sufuria ni laini na mchanga wa ziwa utaila kwa mwezi mmoja, bali pistoni imechanganywa dawa na ni ngumu. Wataalamu husema dawa hiyo ni silikoni. Yeye huijua kwa kuivunja kipande na kutazama chembe zake. Kisha mjomba akapeleka kitu kile Nyakato kwa mkerezaji mwenzake wa zamani, akatoboa tundu la katikati na kulisawazisha umbo la nje, maana kazi hiyo si ya mtambo wetu. Tukapanda daladala mpaka Kayenze. Pampu ikavuta.

Matuta manne ya nyanya yalikuwa yamekauka. Zilikuwa siku sita zilizopotea kwa sababu ya kiolezo changu cha kwanza. Yule mama aliyatazama, akanitazama mimi, akasema, "Hizi zilizobaki zinatosha kulipa ada." Mjomba alimrudishia sehemu ya malipo, nami sikuweza kula chakula alichotuandalia.

Basi nauliza, katika habari hii ni fundi yupi aliyenyimwa riziki? Mzee wa kusubu, ambaye alikuwa akiuza vikaango, sasa huletewa impela na puli na vifuniko vya pampu kutoka Igombe na hata Magu. Mkerezaji wa Nyakato hupata kazi ya kumalizia. Mjomba ameanza kununua mabati. Mnenaji wetu katika mdahalo aliwataja Warongo wa Uzinza, waliofua majembe yaliyovuka mpaka Usukumani na kulipiwa mahari, akasema wao hawakuwa na kompyuta na walikuwa mafundi. Ni kweli, tena nawaheshimu. Lakini Warongo walipuliza tanuri kwa mivukuto, wala sijasikia kwamba waliikataa mivukuto kwa kuwa mapafu ni ya asili zaidi.

Hata hivyo sitaki kushinda mdahalo kwa kuficha. Yuko mtu mmoja aliyepoteza. Ni kijana seremala, mkubwa wangu kwa miaka michache tu, ambaye alikuwa akimchongea yule mzee violezo kwa patasi na msasa. Vilikuwa vichache, kiolezo kimoja kikimchukua siku tatu au nne, lakini zilikuwa fedha zake. Sasa violezo vyenye mapanga huja kwetu. Nilikutana naye njiani nikamwamkia kaka, akaitikia vizuri, lakini hakusimama. Rafiki yangu wa bwenini akilisoma hili atasema, "Unaona?" Naam, naona. Nimelifikiri usiku mwingi kuliko nilivyofikiri masomo yangu.

Na neno nililolipata ni hili. Kijana yule aliujua mteremko wa ubavu kabla yangu. Aliujua mwanzi wa mzee. Kosa lililokausha matuta manne asingalilitenda. Asichokijua ni kuchora katika kompyuta, jambo ambalo mimi nilijifunza kwa majuma machache kwa sababu tu ya kuwa mpwa wa mwenye mtambo. Kwa hiyo kiti kile mbele ya kompyuta ni haki yake kabla ya kuwa haki yangu. Laiti angaliketi yeye tangu mwanzo, mtambo ungalimpa kazi ya violezo kumi badala ya kumnyang'anya viwili. Wenye mitambo ndio wa kuulizwa juu ya mambo haya: umemweka nani kitini? Aghalabu huwekwa ndugu, au huwekwa aliyesoma, na fundi husimama mlangoni akitazama.

Sasa nawageukia wazazi, kwa adabu. Wako watakaoona picha za mitambo hii katika simu na kutaka kuwanunulia watoto wao. Nawasihi wasifanye haraka. Nyumba isiyo na mtu ajuaye kutumia tupa na vernia haina haja na mtambo huu. Ataununua, atachonga twiga watatu, na utafunikwa kitambaa. Tena nyumbani si kiwandani. Vumbi la mbao huingia kifuani, kwa hiyo tunafunga pua na kinywa kwa kitambaa; vipande vya aluminiamu huruka, nami huvaa miwani ingawa watoto wa jirani huniita rubani. Kamwe hatuuachi ukifanya kazi peke yake, maana kisu kilichokwama katika mbao huweza kuwasha moto, na karakana yetu imepakana na chumba cha bibi. Watoto wadogo mlango huo hawaupiti.

Kwa walimu wetu nina ombi. Mtaala mpya ulioanza kufuatwa tangu mwaka 2024 umeleta mkondo wa amali, na wadogo zetu wanaotufuata watasoma ufundi kwa namna ambayo sisi wa kidato cha nne hatukuikuta. Ikiwa shule itapata fedha za vifaa, naomba mtambo mmoja mdogo kama huu usikosekane, wala usifungiwe katika kabati la kuonyeshwa wageni. Uwekwe pamoja na jiliwa na tupa, na asiyeweza kusawazisha kipande cha chuma kwa tupa asiruhusiwe kuuwasha. Tena Jumamosi mafundi wa jirani wafunguliwe mlango, walete kazi zao na watufundishe. Nairobi iko karakana iitwayo Gearbox, ambako mtu asiye na mtambo wake huweza kwenda kutumia wa pamoja; na hapa kwetu SIDO, iliyoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, haiko mbali nasi, iko Nyakato. Sioni kwa nini jambo hilo lishindikane. Yule mzee wa mwanzi angekuja. Nilimwuliza, akasema atakuja ikiwa hatalazimishwa kuvaa tai.

La mwisho ni la nyumbani kwetu, na kama Mhariri ataona halifai na alifute. Baba yangu atalisoma gazeti hili siku ya wazazi. Yeye anataka niende kidato cha tano, nisome fizikia, kemia na baiolojia, niwe daktari, na amejinyima mengi kwa ajili hiyo. Baba, sijakataa kusoma. Lakini nikifaulu mtihani wa Novemba nimekusudia kuomba chuo cha ufundi, na nilikuwa sina ujasiri wa kukuambia nikiwa nimesimama mbele yako. Umesema mara nyingi kwamba karakana ni ya walioshindwa shule. Mzee yule hakupita darasa la nne, na alinisahihisha hesabu mimi niliye na alama A. Sijui ni nani kati yetu aliyeshindwa shule. Nakuomba kabla hujanikatalia uje Nyasaka siku moja, Jumamosi mchana, bibi akiwa kanisani na kelele hazimsumbui, nikuonyeshe.

Na kuhusu yule kijana seremala, nimemwandikia mjomba barua tangu mwanzo wa mwezi. Hajanijibu.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi wa Kidato cha Nne